Somo la Kikundi: Habari za Bidhaa Ziwe Moja, Kwenu na Dukani

Somo la leo ni la vikundi vinavyouza, au vinavyotaka kuuza, bidhaa zao kwenye maduka na supamaketi: asali, siagi ya njugu, unga, maembe ya kukausha, sabuni na kadhalika.

Vikundi vingi sasa vinajua kutengeneza bidhaa nzuri. Shida inaanza pale mali inapofika dukani na kurudishwa, au inapokelewa halafu malipo yanakaa miezi. Mara nyingi si kwamba bidhaa ni mbaya. Ni kwamba maandishi ya kikundi na maandishi ya duka hayapatani.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunaongeza hivi: hata daftari mbili zisizopatana hupoteza mali.

Mwisho wa somo hili mtaweza:
- kueleza kwa nini kikundi na duka wanahitaji habari moja kuhusu bidhaa moja;
- kuandika Karatasi ya Bidhaa ya kikundi chenu;
- kueleza kazi ya nambari na ile mistari myeusi kwenye paketi;
- kujua la kufanya bidhaa inapobadilika.

Somo linachukua kama saa moja na nusu. Leteni daftari, kalamu, rula, mizani, na bidhaa moja ya kikundi ikiwa ndani ya chombo chake. Leteni pia chombo kimoja kitupu cha aina hiyo hiyo.

1. TUANZE NA TUNALOLIJUA: GUNIA SI GUNIA

Mtu akisema "nipe gunia", anataka kilo ngapi? Gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90. Lakini gunia la viazi lilikuwa hadithi nyingine. Wanunuzi walishona kichwa juu ya gunia, wakalijaza mpaka likaonekana kama mtu amevaa kilemba. Wengi waliliita mukurino. Bei ilikuwa ya gunia moja, lakini gunia lenyewe lilizidi kunenepa. Aliyepata hasara ni mkulima. Kanuni za serikali za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho wa mfuko wa viazi.

Angalieni vizuri chanzo cha taabu hiyo. Muuzaji na mnunuzi walitumia neno moja, lakini kila mmoja alikuwa na kipimo chake moyoni, na mwenye nguvu ndiye aliyeamua kipimo. Neno moja likiwa na maana mbili, mnyonge ndiye anayelipa tofauti. Jambo hili halikuishia shambani. Liko pia kwenye supamaketi yenye taa na kompyuta.

2. MFANO: "KATONI 10 ZA ASALI 500"

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya kufundisha. Msomaji mmoja asome maneno ya mama, mwingine asome ya kijana wa stoo.

Kikundi fulani cha wafugaji wa nyuki kimepata oda kwa simu: "Tuleteeni katoni 10 za asali 500." Wamefurahi, wamekodi gari, wamefika mlango wa nyuma wa duka.

"Shikamoo mama. Lakini hii siyo oda yetu."

"Marahaba. Kwa nini, kijana wangu? Si mlisema asali 500?"

"Kompyuta inasema chupa ya mililita 500. Hii yenu imeandikwa gramu 500. Tena katoni kwetu ni chupa 24, na nyinyi mmeleta za chupa 12."

"Lakini asali ni ile ile, na ni safi!"

"Najua, mama. Lakini nikipokea hivi, ofisi italipa nini?"

Haya, tusimame hapo. Ni nani amesema uongo? Hakuna. Ni nani ameiba? Hakuna. Lakini gari litarudi na asali, na nauli imeshalipwa.

Tufanye hesabu. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini lita moja ya asali ina karibu kilo 1.4. Kwa hivyo chupa ya mililita 500 ikijaa asali ina karibu gramu 700, si gramu 500.

Duka lilingoja: katoni 10 x chupa 24 x gramu 700 = kilo 168.
Kikundi kilileta: katoni 10 x chupa 12 x gramu 500 = kilo 60.

Wote walisema "katoni 10 za asali 500". Tofauti yake ni kilo 108 za asali!

Sasa geuzeni mfano. Tuseme kikundi kilipanga bei ya gramu 500, halafu kikanunua chupa za nusu lita na kuzijaza mpaka juu. Kila chupa inabeba gramu 200 za bure. Katika kila chupa tano, kikundi kimetoa kilo nzima ya asali bila malipo. Hasara hii haionekani kwa macho, kwa sababu hakuna aliyelalamika. Mnunuzi amefurahi, wauzaji wanashangaa mbona akiba haikui.

3. KWA NINI DUKA LIWE KALI HIVYO?

Duka kubwa lina maelfu ya bidhaa. Anayeagiza si anayepokea, na anayepokea si anayelipa. Hawa watatu huenda hawajawahi kuiona asali yenu pamoja. Wanaitambua kwa maandishi tu.

Kabla ya kulipa, ofisi hulinganisha karatasi tatu:
- oda ya kununua, ambayo wengi huiita LPO;
- hati ya kupeleka mali, iliyotiwa sahihi mlango wa nyuma;
- invoisi ya kikundi.

Oda ikisema "Asali mililita 500", hati iseme "Asali safi ya nyuki", na invoisi iseme "Honey katoni 10", mtu wa ofisi anaona bidhaa tatu. Anaweka karatasi kando mpaka mtu apige simu. Hapo ndipo malipo hulala. Wanakikundi wanasema duka lina dharau, na pengine kuna maduka yenye dharau kweli. Lakini tusiwape sababu ya kutuchelewesha.

4. DAWA: KARATASI YA BIDHAA

Dawa si kuwa na kompyuta. Dawa ni kukubaliana habari za bidhaa mara moja, kuziandika mahali pamoja, na kila mtu kutumia zile zile. Kila bidhaa iwe na karatasi yake. Asali ya gramu 500 na asali ya kilo moja ni bidhaa mbili, karatasi mbili.

Andikeni mambo haya:

(a) Jina la bidhaa. Moja tu, kama lilivyo kwenye lebo. Likiwa "Asali Safi", liwe "Asali Safi" kwenye lebo, kwenye hati, kwenye invoisi na kwenye simu.

(b) Mtengenezaji. Jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, anwani, na nambari ya simu ya ofisi. Simu ya mwanakikundi mmoja ni hatari: akihama, duka limewapoteza.

(c) Uzito halisi, na kipimo chake. Usiandike "500" peke yake. Andika "gramu 500". Uzito halisi ni wa kilicho ndani, bila chombo. Pimeni chombo kitupu, kisha kilichojaa, mtoe. Pimeni vyombo kumi, si kimoja, muone kama mnajaza sawasawa.

(d) Chombo. Chupa ya kioo au ya plastiki? Kifuniko cha namna gani?

(e) Vilivyomo. Taja vyote, kuanzia kilicho kingi. Siagi ya njugu yenye chumvi na sukari isiitwe njugu tupu. Kuna watu ambao njugu zinaweza kuwaua, kwa hivyo hata kidogo kilichomo kitajwe.

(f) Inakaa muda gani, na iwekwe wapi. Mfano: "Miezi 6 tangu kutengenezwa. Iwekwe mahali pakavu, mbali na jua." Usitaje muda kwa kukisia, uwe ule mliothibitishiwa na wataalamu waliopima bidhaa.

(g) Katoni. Ina vipande vingapi? Urefu, upana na kimo kwa sentimita? Uzito wa katoni ikiwa imejaa, pamoja na maboksi na chupa? Duka hutumia habari hizi kupanga stoo, rafu na lori.

(h) Nambari ya bidhaa, na nambari ya katoni kama ipo. Tutaeleza hapa chini.

(i) Vibali. Nambari ya kibali cha kutumia alama ya ubora ya KEBS, na tarehe kitakapoisha.

(j) Tarehe ya karatasi, na sahihi ya mwenyekiti na karani.

Bei haimo, mmeona? Bei hubadilika, na huenda isiwe sawa kwa kila mnunuzi. Iandikwe kwenye karatasi yake. Vivyo hivyo tarehe ya kutengeneza na nambari ya fungu hubadilika kila mnapopakia. Hizo huandikwa kwenye chombo na kwenye hati ya kupeleka mali. Karatasi ya Bidhaa ni ya mambo yasiyobadilika kila wiki.

Neno juu ya tarehe: "03/04" kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini Mmarekani huisoma Machi 4. Andikeni mwezi kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne.

Msidharau nambari ya fungu. Mnamo Novemba 2019, KEBS ilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya aflatoksini. Siku kama hiyo duka hutaka kujua haraka: ni bidhaa gani hasa, na iliyotengenezwa lini? Kikundi kinachoweza kujibu kitaondoa fungu moja tu kwenye rafu. Kisichoweza kitaondoa kila kitu, na jina lake pia litaharibika.

5. NAMBARI NA MISTARI MYEUSI

Watu huiita bakodi. Vitabuni utaona "msimbopau". Mara ya kwanza bidhaa kupitishwa kwenye mashine ya kusoma mistari ya aina hii dukani ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Bidhaa yenyewe ilikuwa paketi ya chingamu ya Wrigley's. Mwaka 1977 nchi za Ulaya zikaanzisha chama chao cha kugawa nambari za tarakimu 13. Leo kazi hiyo inasimamiwa ulimwenguni na shirika la GS1, na hapa kwetu na GS1 Kenya iliyoko Nairobi.

Nambari zinazotolewa Kenya huanza na 616, za Tanzania huanza na 620. Lakini tahadhari: 616 haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya. Inaonyesha tu kwamba mwenye nambari aliandikishwa kupitia ofisi ya Kenya.

Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Kazi yake ni kukamata makosa. Fanyeni hesabu hii pamoja. Tutatumia nambari inayoanza na 952, kwa sababu hizo zimetengwa kwa mifano na mafunzo:

952123456789 na mlinzi wake.

Jumlisheni tarakimu ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 9+2+2+4+6+8 = 31.
Jumlisheni tarakimu ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 5+1+3+5+7+9 = 30. Zidisheni kwa 3: 90.
Jumla: 31+90 = 121.
Ni ngapi zinahitajika kufikia kumi inayofuata, yaani 130? Ni 9.

Kwa hivyo nambari kamili ni 9521234567899. Karani akiandika tarakimu moja vibaya, jumla haitapatana na mlinzi, na mashine itakataa. Jaribuni wenyewe: badilisheni 6 na 7 nafasi zao, muone mlinzi anakuwa 1 badala ya 9.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mistari hii ya kawaida ya dukani hubeba nambari tu. Haibebi bei. Haibebi uzito. Haijui kama ndani mna asali au sabuni. Mashine inasoma nambari, kisha kompyuta ya duka inatafuta: nambari hii ni ya nini, bei gani? Kama duka halikupewa habari, au lilipewa zisizo sahihi, mistari haisaidii. Kwa hivyo msidhani mkishabandika mistari kazi imekwisha. Mistari ni kama nambari ya sanduku la posta. Barua ni Karatasi ya Bidhaa.

Tena, msinakili nambari kutoka paketi ya mtu mwingine. Mteja atapitishiwa asali yenu, na risiti itasema mafuta ya nywele! Nambari ipatikane kwa jina la kikundi chenu.

6. MAKAMPUNI MAKUBWA HUFANYAJE?

Kampuni kubwa inayouza bidhaa mia mbili kwa maduka ya nchi nyingi haiwezi kutuma karatasi kwa kila duka. Mwaka 2004 ulianzishwa mtandao wa dunia wa kupashana habari za bidhaa, chini ya kanuni za GS1. Kampuni huandika habari za bidhaa mara moja, kwenye ghala la habari lililokubaliwa. Duka huomba kuletewa habari za bidhaa inazonunua. Kampuni ikibadilisha kitu, badiliko hufika kwenye kila duka lililoomba. Hakuna kunakili kwa mkono mara ishirini.

Uzuri wake ni huo, na hatari yake ni hiyo hiyo: kosa likiandikwa mara moja, linaenea kote. Ndiyo maana hata makampuni makubwa hurudi kwenye rula na mizani. Wanapima bidhaa yenyewe kabla ya kuandika.

Kikundi cha kijijini hakihitaji kuingia huko leo. Lakini kanuni ni ile ile, na karatasi moja inatosha kuifuata: andika mara moja, mtunzaji awe mmoja, wote wapate nakala ile ile. Duka likiwapa fomu yake ya bidhaa mpya, msijaze kwa kichwa. Nakilini kutoka Karatasi ya Bidhaa.

7. BIDHAA IKIBADILIKA

Hapa vikundi vingi huanguka. Chupa za zamani zimekwisha sokoni, mnunuzi wa kikundi analeta chupa nyingine "karibu sawa". Gramu 500 zinakuwa gramu 450, lebo inabaki, nambari inabaki. Duka bado linauza 500. Mteja akipima, mtaitwa wezi, ingawa hamkukusudia.

Fuateni hatua hizi:
- Badiliko lipitishwe kwenye mkutano na kuandikwa kwenye kumbukumbu.
- Uzito halisi ukibadilika, hiyo ni bidhaa mpya: karatasi mpya, lebo mpya, nambari mpya. Nambari ya zamani isipewe bidhaa nyingine.
- Bei ikibadilika peke yake, nambari haibadiliki. Toeni orodha mpya ya bei.
- Duka lipewe karatasi mpya kabla ya mali mpya kufika. Mpewe jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba wameandika.
- Karatasi ya zamani ipigwe mstari, iandikwe IMEPITWA NA WAKATI, na iwekwe kwenye faili. Isitupwe, kwani mabishano ya invoisi ya zamani yanaweza kuja.

Chagueni mtunzaji mmoja wa karatasi, kwa kawaida karani, na msaidizi wake. Mweka hazina asiandike invoisi bila kuiangalia. Na oda ikija kwa simu, anayepokea ailinganishe na karatasi na kuuliza: "Mnataka ile ya gramu 500, katoni ya chupa 12, sivyo?" Swali hilo moja lingeokoa nauli ya wale wafugaji wa nyuki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kijiji chetu, ni vipimo gani vina jina moja na maana nyingi? Fikirieni gorogoro, debe, fungu, mkokoteni. Nani hupata hasara?
2. Je, mali yetu imewahi kurudishwa au malipo kucheleweshwa? Sababu ilikuwa bidhaa, au maandishi?
3. Jina la bidhaa yetu limeandikwa namna ngapi kwenye lebo, risiti na daftari zetu?
4. Mmoja wetu akiulizwa sasa hivi uzito wa katoni yetu ikiwa imejaa, ataweza kujibu?
5. Karani akisafiri au akiugua, nani anajua karatasi ziko wapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili wapime bidhaa moja, kila mmoja peke yake bila kuonana: uzito wa chombo kitupu, uzito halisi, na vipimo vya katoni. Mkutanoni linganisheni. Zikipatana, andikeni Karatasi ya Bidhaa, mwenyekiti na karani watie sahihi. Zisipopatana, pimeni tena mbele ya wote mpaka mjue kosa liko wapi. Kisha pelekeni nakala moja kwa mnunuzi wenu, mumwombe awaonyeshe yeye ameandika nini. Kila mahali maandishi yake yanapotofautiana na yenu, wekeni alama, na mrekebishe pamoja naye kabla ya oda inayofuata.